Punguzo la Asiyekuwepo

Sabra alifariki Jumanne asubuhi, na kufikia saa saba mchana Valence alikuwa ameshaliona turubai.

Hakulitafuta. Alikuwa anakatiza mtaa wa Msamala akitokea mjini, tumboni ana chai ya rangi peke yake, akielekea kwa Sabra, muuza vitumbua, kula viwili vya kumfikisha jioni. Akakuta jiko limezimwa, kikaango kimefunikwa kwa sinia, na watu wamekaa kwenye viti vya plastiki kimya kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mtu mwingine angesema pole akaondoka. Valence alisimama akayatazama masufuria. Yalikuwa manne, yote makubwa, na moja lilikuwa linatoa mvuke wa wali.

Tuseme kidogo habari za huyu bwana, maana yeye mwenyewe akizisema hazifanani mara mbili. Alikuwa na miaka inayokaribia arobaini, sauti ya mtangazaji wa redio, na shati jeupe lililopigwa pasi upande wa mbele tu, kwa sababu mgongoni lilifunikwa na koti. Aliingia Songea kama wakala wa mradi wa konokono ambao mnunuzi wao alikuwa China. Wafugaji wa konokono wa Namtumbo bado wanamsubiri. Lakini haki yake apewe: Valence hakuwahi kuiba kitu cha mtu. Alikuwa anapewa.

Sasa, kula msibani kunahitaji sababu. Ukisema ni ndugu utaulizwa wa tumbo lipi. Ukisema ni rafiki utaulizwa tangu lini. Ila Valence alikuwa amekaa Ruvuma muda wa kutosha kuona kwamba yuko mtu mmoja anayeingia msibani kwa kelele, anawatukana wafiwa, anakamata mali ya marehemu, anakula wa kwanza, na bado anapendwa. Mtu huyo ni mtani. Sabra na watu wake walikuwa Wayao wa Nalasi, kule Tunduru, na watani wao ni Wangoni, tangu enzi za mababu waliokimbizana kwa mikuki. Mikuki iliisha, matusi yakabaki, na ndiyo hayo wanayozikana nayo.

Valence hakuwa Mngoni. Kwao kulikuwa mbali, na alikuwa ameondoka kwa namna isiyohitaji kuelezwa hapa. Lakini akiwa Songea alijiita Komba, jina la Kingoni, na hakuna aliyewahi kumdai ushahidi.

Basi akaingia. Akavuta khanga iliyoanikwa kambani, akaifunga kiunoni, akaondoa sinia, akakaa kwenye kigoda cha marehemu na kukumbatia kile kikaango cha chuma chenye mashimo saba. Kisha akapaza sauti, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Sabra.

"Haya, vya moto hivyo. Asiye na chenji asinimalizie mkaa. Na wewe baba mwenye kofia, jana ulikula vitatu ukasema viwili, leo vinakutazama."

Watu waliduwaa. Halafu bibi mmoja pale kwenye mkeka akaziba mdomo kwa ushungi, mabega yakaanza kumtikisika. Mwenye kofia naye akacheka, maana kweli vilikuwa vitatu. Na kule pembeni ya baraza, Daimu, mume wa marehemu, ambaye tangu atoke hospitali hakuwa amesema hata neno moja, akatoa sauti. Ilianza kama kikohozi. Ikawa kicheko, ikawa kilio, ikarudi kuwa kicheko. Mwanawe wa kike, Zulfa, wa miaka kumi na mmoja, alikuja akamshika mkono kuhakikisha ni yeye.

"Mtani huyo," mtu akasema. "Mpeni chochote aachie kikaango."

Aliyekuja kumpa ni Bibi Mwamvua, mama mzazi wa Sabra, mwanamke mwembamba aliyetoka Nalasi usiku uliotangulia kuja kumuuguza mwanawe. Alifungua pindo la khanga akatoa elfu mbili.

"Chukua. Achia kikaango cha mwanangu."

Valence aliipokea kwa mikono miwili na kuinama kidogo. "Asante sana, mama. Mungu awabariki."

Bibi Mwamvua alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akageuka akaingia ndani. Valence hakuona. Sahani ya wali ilikuwa inakuja.

Ni juu ya sahani hiyo ndipo alipoipata habari ya kopo. Aliyeisimulia ni jirani, Honorata, mwalimu aliyehamishiwa Songea kutoka Bukoba na aliyekuwa akimlea mwanawe peke yake. Kumbe Sabra aliwahi kupeleka vitumbua Peramiho kwenye harusi, akawaona wageni wa Kijerumani wamesimama kwenye bustani ya misheni wakipiga picha kabeji. Akauliza wamekuja kufanya nini. Akaambiwa wako likizo.

"Wametoka kwao kuja kutazama kabeji?" Honorata alimwigiza marehemu. "Kwao hakuna? Wakamwambia zipo. Basi akarudi hapa ameamua. Akasema kama wao wanakuja kutazama zetu, wanangu nao watakwenda nje ya nchi wakatazame zao. Likizo ya Juni mwaka huu. Kila siku pesa ya kitumbua cha mwisho alikuwa anaitupa kwenye kopo la maziwa."

"Na sasa?" mtu aliuliza.

"Sasa kabaki baba yao. Na kupeleka watoto nje ukiwa mzazi mmoja si mchezo. Gharama zote kichwani kwako."

Valence aliacha kutafuna. Wali ulikuwa mzuri, lakini kuna saa mtu huitwa na kazi yake.

Baada ya siku saba Bibi Mwamvua alirudi Nalasi kupalilia mikorosho. Kabla hajapanda gari alimwita mkwewe kando.

"Watoto nakuachia. Arobaini nitakuja. Ila nakuambia mapema, baba, usije ukasema sikukuambia. Kwetu watoto ni wa upande wa mama. Mwanangu aliwaahidi kitu. Ikipita Juni hawajakipata, nitajua nyumba hii imekosa mtu wa kuwasimamia, na nitawachukua wakae kwangu."

"Nimekusikia, mama," Daimu alisema, akitazama chini kama inavyompasa mtu kwa mama mkwe.

Siku tatu baadaye Valence alikuwa amekodi nusu ya meza kwenye duka la fotokopi karibu na soko. Ukutani kulikuwa na karatasi yenye picha ya bahari na maneno haya: LIKIZO YA KIANGAZI, URENO. KWA WAZAZI WANAOLEA PEKE YAO. BEI NAFUU KULIKO ZOTE. Kwa nini Ureno? Kwa sababu Dubai watu walikuwa wanaijua, na Uingereza wangeuliza maswali. Ureno hakuna aliyekuwa na shangazi huko.

Daimu alikuja bila kuitwa sana. Alikuwa fundi wa kurekebisha cherehani, mtu wa vidole vyembamba na maneno machache.

"Shirika la huko linapanga safari kwa familia ya watu wanne," Valence alimweleza. "Baba, mama, watoto wawili. Viti vinne, vitanda vinne, sahani nne. Ninyi mko wangapi?"

Daimu alifikiri. "Watatu."

"Umeona. Kiti kimoja hakina mtu. Sahani yake hailiwi, kitanda chake hakilaliwi. Wale si watu wa kula cha mtu, wanakirudisha. Inaitwa Punguzo la Asiyekuwepo."

"Kwa hiyo Sabra..."

"Sabra ndiye anayelipia sehemu kubwa. Wewe unamalizia tu."

Daimu alijua, kama fundi, kwamba mashine iliyopungukiwa kifaa haiwi rahisi kuiendesha. Lakini tangu amzike mkewe, watu wote walikuwa wakimweleza kwamba Sabra amepumzika. Huyu alikuwa wa kwanza kumwambia kwamba bado ana kazi anaifanya.

"Kopo silifungui kabla ya arobaini," alisema. "Ni lake. Siku hiyo nitalifungua mbele ya mama mkwe, nitakukabidhi."

Valence alitaka kusema Ureno haisubiri. Akamtazama usoni, akabadilisha. "Hakuna neno, mtani."

Zulfa alikuwa amesimama mlangoni na daftari.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Huko kuna kabeji?"

"Zimejaa."

"Kubwa kuliko za Peramiho?"

"Kama tairi la Fuso."

Zulfa aliandika. "Nikikuta si kubwa hivyo, nitaandika pia."

"Andika tu," alisema Valence, na kwa sababu asiyoijua akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika.

Habari za punguzo zilienea Msamala kabla ya jioni. Honorata alikuwa wa kwanza kulipa. Yeye alikuwa mwalimu wa jiografia, jambo ambalo baadaye aliomba lisitajwe. Ukutani kwake kulikuwa na ramani ya dunia, Ureno ikiwa mbali kabisa kule juu, na nauli aliyotajiwa ingemfikisha labda Morogoro. Aliitazama ramani, akaitazama nauli, akaigeuza ramani ikatazama ukuta.

Akafuata Edmund, Mngoni wa kweli wa Peramiho, mwenye mashine ya kukoboa. Alimsalimia Valence kwa Kingoni. Valence alipatwa na kikohozi kikali.

"Komba wa wapi?" Edmund aliuliza.

"Wa kule." Valence alionyesha kwa kidevu upande wenye dirisha. "Na mkeo, ndugu, yuko wapi?"

Sasa ikawa zamu ya Edmund kukohoa. "Aliondoka. Mwaka juzi. Alikwenda Makambako kununua viazi, hakurudi. Nalea watoto wawili peke yangu."

"Pole sana."

"Nimezoea."

Wakatazamana kwa heshima, kila mmoja akiona ni vizuri wasichimbane, na Edmund akalipa.

Kesho yake akaja Agape, mwanamke mnene mwenye mkoba mwekundu. Mumewe, alisema huku akijifuta jicho kavu, alikwenda Makambako kuuza mchele, hakurudi. Analea watoto wawili peke yake. Valence alipoandika majina ya watoto aliona yanafanana na yale ya jana, hata herufi. Alishangaa kidogo jinsi Makambako inavyomeza watu. Akampa punguzo, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuvunja ndoa za wengine.

Ndani ya mwezi mmoja Songea ilikuwa na wajane wengi kuliko ilivyostahili. Wanaume waliokunywa chai na wake zao asubuhi walikuwa wakifika saa nne kusimulia walivyoachwa. Mmoja alilia kweli, kisha simu ikaita, ni mkewe anauliza anunue mboga gani. Pesa zote ziliingia kwenye mkoba mweusi wa ngozi ambao Valence hakuuachia hata akiwa msalani, pamoja na zile za konokono alizokuwa amezibakiza. Kila aliyelipa alishauriwa kununua kofia pana ya jua na nguo ya kuogelea. Huo ulikuwa mwezi wa Mei, ambapo mtu wa Songea akisema habari za asubuhi moshi unamtoka mdomoni.

Ilipofika Alhamisi ya wiki ya arobaini, Valence alikuwa na vya kutosha kuondoka. Mtu mwenye akili angeondoka. Lakini lilibaki kopo. Usiulize kopo la muuza vitumbua lingekuwa na nini cha kuongeza kwenye mkoba uliojaa. Alikuwa ameliona kabatini, limefungwa kwa mpira, na kila alipokwenda kwa Daimu lilikuwa linamtazama. Akakata tiketi ya basi la Jumamosi saa nane mchana. Arobaini ingeanza saa nne. Angechukua kopo, angekula, angetoka kama mtu anayekwenda kununua vocha.

Ambacho hakukijua ni kwamba Daimu, mtu asiyeficha kitu, alikuwa ameshampigia simu mama mkwe kumwambia asihofu, mtani atawapeleka watoto Ureno. Kule Nalasi Bibi Mwamvua aliliweka jembe chini.

"Mtani yupi?" aliuliza. "Yule wa kikaango?"

"Huyo huyo, mama."

"Mwambie asikose arobaini," akasema, na kesho yake akapanda basi.

Jumamosi watu walisoma hitima, wakala pilau, wakakaa. Wote waliolipia Ureno walikuwepo, baadhi wakiwa na kofia zao za jua mapajani, maana Valence alikuwa amewaambia kwamba siku hiyo angetaja tarehe. Yeye mwenyewe alikaa karibu na mlango, mkoba begani. Saa ya ukutani ilisema saba na robo.

Daimu akaleta kopo, akaliweka mkekani mbele ya mama mkwe. "Mama, hili ndilo la Sabra. Nilitaka ulishuhudie kabla sijamkabidhi mtani."

Valence alinyoosha mkono. Bibi Mwamvua naye alinyoosha wake, lakini haukwenda kwenye kopo. Ulikwenda kwenye kamba ya mkoba, ukauchomoa begani mwa Valence kwa wepesi ambao hakuna aliyeutarajia kwa mtu wa umri ule, na kabla Valence hajapumua bibi alikuwa ameukalia.

"Nimeukamata," alisema.

Nyumba nzima ikaangua kicheko.

"Mama," Valence alisema, "humo mna nyaraka za watu."

"Ndiyo maana ni mgumu."

"Mama, tafadhali. Huo si wa kuchezea."

"Na kikaango cha mwanangu kilikuwa cha kuchezea?" Bibi aliwageukia watu. "Jamani, mtani anakasirika?"

"Anakasirika?" watu wakauliza kwa pamoja, wakisogea kutazama vizuri, kwa sababu mtani akikasirika ni aibu ya kusimuliwa mpaka wajukuu.

Valence akacheka. Hakikuwa kicheko kizuri, lakini kilikuwa kirefu. Wakati kinamtoka alikuwa anapiga hesabu ya njia zake, na zilikuwa mbili. Akiwa Mngoni, hawezi kukasirika, na mkoba umekaliwa. Akisema si Mngoni, ataulizwa ni nani basi, na kwa nini amekaa arobaini nzima na pesa za mtaa. Alimtazama Edmund, akitafuta msaada wa kabila.

Edmund hakuwa na nafasi. Agape alikuwa amemwona na kofia pana ya jua.

"Hiyo kofia ya nini?" Agape alimuuliza.

"Na yako?"

"Nimeuliza mimi kwanza."

Honorata, aliyekaa katikati yao, akasema kwa upole wa mwalimu, "Lakini Edmund, si ulisema mkeo alipotelea Makambako?"

"Nani alipotelea Makambako?" aliuliza Agape.

"Wewe," alisema Edmund.

"Mimi? Si ni wewe ndiye uliyepotelea?"

Kule nyuma mwanamume mwingine aliivua kofia yake polepole na kuikalia.

"Naukomboa kwa shilingi ngapi, mama?" Valence aliuliza kwa sauti ya chini. Saa ilisema saba na nusu.

"Siyo shilingi. Mwanangu alisema watoto wake watatoka nje ya nchi likizo hii. Wewe ulisema utawapeleka, na hawa wote. Basi twende. Mkoba utatangulia nami, wewe utafuata na mizigo. Tukifika utaupata."

"Ureno ni mbali, mama. Kuna ndege, kuna mambo ya viza..."

"Ureno wanaongea nini?"

"Kireno."

"Mwalimu," Bibi alimgeukia Honorata, "Kireno kinaongewa wapi karibu?"

Honorata alikuwa na mwezi mzima wa aibu ya kulipia. "Msumbiji," alijibu mara moja. "Ni kuvuka mto Ruvuma tu pale Mkenda. Siku moja mtu amefika Lichinga."

"Mdogo wangu ameolewa Lichinga. Miaka thelathini namwambia nitakuja. Je, ni nje ya nchi au si nje ya nchi?"

Watu wakashauriana. Ilionekana kwamba ni nje kabisa. Kuna mpaka, kuna bendera nyingine, na hata simu ukivuka hukukaribisha kwa lugha usiyoijua. Hakuna aliyewahi kuifikiria hivyo, kwa kuwa ilikuwa karibu mno.

Saa nane basi liliondoka stendi na kiti kimoja kitupu. Sijui kama walilirudisha punguzo lake.

Walikwenda wiki ya pili ya Juni, kwa gari mbili za Noah. Waliokuwa wamejifanya wajane walirudishiwa bahasha zao hadharani, kila mmoja akiitwa jina na mkewe akiwa amesimama kando. Edmund na Agape walikubaliwa kuja kama mke na mume, bila punguzo. Hati za kusafiria zilichukua siku nne kwenye ofisi ya uhamiaji, na gharama zote zikawa chini ya zile zilizolipwa, hata Bibi Mwamvua akagawa chenji. Katika lile tangazo la Valence kulikuwa na maneno mawili ya kweli, nayo ni bei nafuu. Mafuta ya gari yalilipiwa na pesa za konokono. Kopo halikuguswa mpaka Lichinga.

Valence alibeba mizigo. Alibeba mifuko sita, mchele wa zawadi, na kuku mmoja wa Nalasi aliyemdharau njia nzima. Angeweza kukimbia pale Mkenda wakati askari wa mpakani anagonga mihuri, na alilifikiria hilo kwa makini. Lakini mkoba ulikuwa kwa Bibi, na mdogo wake Zulfa, Abuu, alikuwa amelala juu ya mguu wake.

Lichinga kulikuwa na baridi kuliko Songea. Kundi la watu wa Msamala liliingia sokoni asubuhi limevaa masweta na kofia pana za jua, kwa sababu kofia zilikuwa zimenunuliwa na lazima zivaliwe. Zulfa alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kabeji. Zilikuwa kumi na mbili juu ya gunia. Alizizunguka. Alichuchumaa. Mwenye kabeji alimsemesha Kireno, alipoona hakielewi akajaribu Kiyao.

"Tunatoka Tanzania," Zulfa alimjibu kwa Kiyao cha bibi yake. "Tuko likizo. Tumekuja kutazama kabeji."

"Kwenu hakuna?"

"Zipo."

Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Daimu alikuwa amesimama nyuma ya binti yake na kopo mkononi, na yeye hakucheka. Alikuwa akiuzungusha mpira wa kopo kidoleni, mpaka Bibi Mwamvua akamsukuma kidogo kwa kiwiko na kumwambia, "Nunua moja, baba. Mwenye kopo amekwisha kusikia."

Akafungua kopo, akanunua moja. Walikaa siku tano, wakala kabeji siku ya pili, na Zulfa akaandika kwenye daftari lake: Ndogo kuliko za Peramiho. Tairi la Fuso ni uongo. Tamu.

Wakati wa kurudi walipumzika tena Mkenda, upande wa nyumbani. Valence alikaa kwenye mfuko wa mwisho, karibu na Bibi.

"Ulijua tangu lini?" alimuuliza.

"Tangu siku ile ile. Nilikupa elfu mbili ukasema asante."

"Ile ni adabu."

"Adabu ya wageni. Mtani hashukuru hata siku moja. Ungekuwa Mngoni ungeitazama ile pesa ukauliza kama mwanangu alikuwa wa bei hiyo. Ungetaka na kuku."

"Na hukusema."

Bibi alikuwa anafunga ushungi wake, akaufunga taratibu. "Mkwe wangu alicheka. Tangu hospitali alikuwa kama ukuta. Nikasema, mwongo huyu aachwe kidogo, ana kazi."

Akamsukumia mkoba. Valence aliufungua. Mlikuwa na muhuri wake wa kuchonga, tiketi ya basi iliyopitwa na wakati, na noti mbili za elfu moja.

"Ujira wako wa mizigo."

Alifungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, alilizoea, lilikuwa limemlisha miaka mingi. Alilirudisha. Akaziinua zile noti juu kwenye mwanga kama mtu anayetafuta kasoro.

"Elfu mbili? Mifuko sita, na yule kuku? Bibi, ninyi Wayao mnanuka ubahili mpaka ng'ambo ya mto."

Bibi Mwamvua alitazama kando, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Sasa ni Septemba. Zulfa na Abuu wako kwa baba yao, na wanasoma shule ile ile. Asubuhi, kabla ya kufungua cherehani za watu, Daimu anakaanga vitumbua kwenye kikaango cha mashimo saba, na vya awamu ya kwanza huungua. Jumamosi Valence hupita, huchukua viwili bila kuuliza, husema ni vidogo, na hashukuru.